Unga wa Bawasiri "wa Miaka 5,000": Wazee wa India Walisema Nini Hasa?

Tangazo lenyewe mshaliona. Video fupi, milima yenye theluji, kinu cha mawe, sauti nzito kama ya mzee wa kijiji. Maneno yanapita chini: siri ya India ya miaka 5,000, inamaliza bawasiri, gesi, asidi na choo kigumu kwa siku saba, haina madhara yoyote kwa sababu ni mitishamba. Mwisho kabisa kuna nambari ya WhatsApp na ahadi kwamba nduthi itakuletea hadi mlangoni, kifurushi kikiwa hakina maandishi nje. Hilo la "hakina maandishi" ndilo limebeba biashara yote, na nitalirudia.

Niseme mapema ndio tusigombane kwa komenti: sina vita na Ayurveda. Pia mimi si daktari, hata chuo niliachia njiani, kwa hivyo sitakuandikia dawa hapa. Ninachoweza ni kusoma, na nimesoma historia ya hii kitu vya kutosha kuona kwamba tangazo linawasingizia wazee wa watu. Wale waliotunga vitabu vya Ayurveda hawakuwahi kusema dawa zao hazina madhara. Waliziogopa dawa zao wenyewe, na waliandika kurasa kwa kurasa kuhusu jinsi zinavyoweza kukumaliza zikiingia mikono isiyojua.

Tuanze na umri, kwa sababu hapo ndipo uongo wa kwanza uko. Vitabu viwili vikubwa vya Ayurveda ni Charaka Samhita na Sushruta Samhita. Wasomi wengi huviweka kati ya karne za mwisho kabla ya Kristo na karne za mwanzo baada yake, na viliendelea kuongezwa na kupangwa upya na watu tofauti. Kwa hivyo tunaongea kuhusu miaka kama 2,000 hivi. Hiyo bado ni heshima kubwa! Miaka 5,000 ni hesabu ya sokoni, kama ile ya muuzaji anayeanza na bei mara tatu akijua utashusha.

Ugonjwa wenyewe ni wa kawaida kuliko watu wanavyokubali. Kila binadamu ana vinyama laini vilivyojaa mishipa ya damu pale mwisho wa njia ya haja kubwa, na kazi yake ni kusaidia kufunga mlango vizuri. Vikivimba, vikaanza kutoa damu au kuteremka nje, hiyo ndiyo bawasiri, wengine huiita mgoro. Kwa Kisanskriti ni arsha, na waandishi wa zamani walilieleza jina hilo kama kitu kinachomtesa mtu mfano wa adui. Aliyewahi kuugua hatabisha.

Sasa Sushruta. Huyu ndiye mwenye kitabu cha upasuaji, na bawasiri aliipa nafasi kubwa. Njia zake za kutibu zilikuwa nne: dawa ya kunywa, kemikali kali ya kuchoma iitwayo kshara, chuma cha moto, na kisu. Kila njia ilikuwa na mgonjwa wake. Bawasiri changa, isiyo na mambo mengi, ilipewa dawa. Iliyo laini na iliyoenea ilipata kshara. Iliyo ngumu na nene ilipata moto. Iliyo na shina jembamba na imejitokeza nje, kisu. Maana yake ni kwamba kabla ya kukugusa, mtu alilazimika kukuangalia ajue yako ni ya aina gani. Hakuna chupa moja ya kila mtu.

Na huyo wa kukuangalia alikuwa amefunzwa. Kitabu kinaagiza mwanafunzi wa upasuaji afanye mazoezi ya kukata kwenye maboga na matango, kwenye mifuko ya ngozi iliyojazwa maji au matope, kabla ya kumkaribia mtu aliye hai. Kwa bawasiri kulikuwa na chombo maalum, bomba lenye umbo la chuchu ya ng'ombe, urefu wa vidole vinne, lenye tundu ubavuni ili daktari aone na atie dawa bila kuchoma nyama nyingine.

Ile kshara ilitengenezwa kwa majivu ya mimea, mmoja wao ukiwa apamarga. Huo mmea unaujua hata kama hujui unaujua. Ni lile gugu linaloota kando ya njia hapa kwetu pia, mbegu zake zinakung'ang'ania suruali ukipita shambani. Wakilichoma, wakichuja majivu na kuchemsha maji yake, walipata kitu kinachokula nyama. Daktari alipaka, akangoja muda wa kuhesabu kama mia, halafu akaosha kwa maji machachu ili kuukata ule ukali. Alama ya kwamba imechomeka sawa ilikuwa rangi: kinyama kiwe kimenyauka na kufanana na zambarau iliyoiva. Zambarau hii hii yetu ya kupaka ulimi rangi. Imezidi? Mgonjwa ana moto wa kutosha kuanguka chini. Imepungua? Ugonjwa unarudi.

Halafu angalia hili. Ikiwa mgonjwa ana vinyama vingi, Sushruta anataka kimoja kitibiwe, zipite siku saba, ndipo kishikwe cha pili. Tangazo linakuuzia siku saba kama mwisho wa ugonjwa wote. Kwa mwenye kitabu, siku saba zilikuwa za kupumzika kabla ya kuendelea.

Charaka hakukubaliana na Sushruta kwa kila kitu, na hapa ndipo napenda hawa watu. Kwake kisu, moto na kshara vilikuwa hatari, na anaorodhesha yanayoweza kukupata vikitumiwa vibaya: kuvimba, maumivu, damu isiyokatika, kupoteza nguvu za kiume, ugonjwa kurudi, hata kifo. Kwa hivyo akaelekea upande wa chakula na dawa za kunywa. Kitu alichokisifia sana kwa bawasiri ni takra, yaani maziwa yaliyoganda na kusukwa mafuta yakatolewa. Ukimwambia mtu wa Kericho au wa Kajiado kwamba mzee fulani wa India aliona maziwa lala ni dawa ya tumbo, atakuuliza kwani huyo mzee alichelewa wapi.

Charaka pia aliigawa bawasiri kwa ukavu na kwa kutoa damu, na akasema wazi kwamba kuna wagonjwa ambao hawaponi, daktari mwenye akili asijitie. Hebu nionyeshe tangazo moja linalosema hivyo.

Mfano unaonimaliza kabisa ni bhallataka. Hii ni kokwa ya mti fulani wa India, na vitabu vya kale vinaitaja kwenye dawa za bawasiri mara nyingi. Maji yake meusi ndiyo dobi wa India alitumia kuweka alama kwa nguo za wateja, kwa sababu hayatoki hata ufue vipi. Yakikugusa ngozi, malengelenge. Mti wenyewe ni ndugu wa mkorosho, na mtu wa Kilifi aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua mafuta ya lile ganda yanavyochoma. Sasa wazee waliifanya dawa, ndiyo, lakini baada ya kuisafisha kwa hatua kadhaa, ikisuguliwa na vumbi la matofali ili inyonye yale mafuta, na wakaweka masharti ya nani asiipate na ale nini akiwa anaitumia. Kokwa hiyo ni ya asili kabisa, haijaona kiwanda, na inaweza kukubabua koo. Mtu akikwambia "ni ya asili" mwulize kwani sumu ya nyoka inatoka kiwanda gani.

Elimu hii haikubaki India. Baghdad, wakati wa makhalifa wa Bani Abbas, vitabu vya Charaka na Sushruta vilitafsiriwa kwa Kiarabu, na karibu mwaka 850 tabibu Ali ibn Sahl Rabban al-Tabari alimalizia kitabu chake kikubwa kwa sehemu nzima kuhusu tiba ya Wahindi. Mchanganyiko maarufu wa matunda matatu makavu, triphala, ambao mpaka leo ndio unga wa tumbo unaouzwa sana, uliingia kwa Waarabu ukaitwa itrifal. Jina letu la bawasiri nalo limetoka kwa Kiarabu, bawasir, likaja pwani na watu, bidhaa na vitabu.

Cairo, mwishoni mwa karne ya 12, Musa bin Maimun, yule Myahudi ambaye Wazungu humwita Maimonides na aliyekuwa tabibu kwenye jumba la Salahuddin, aliandika kijitabu kizima kuhusu bawasiri. Alimwandikia kijana mmoja wa familia kubwa aliyeaibika na ugonjwa huo na alitaka ukatwe uishe. Jibu la Maimonides lilikuwa kama la daktari yeyote wa leo mwenye busara: shida kubwa ni choo kigumu, anza na chakula, laini tumbo, na kisu kiwe cha mwisho. Miaka zaidi ya 800 iliyopita, kijana mwenye pesa na aibu zake anataka njia ya mkato, na tabibu anamwambia polepole.

Mimi naona mpaka hapo mambo yalikuwa yanaenda sawa. Kulikuwa na dawa hatari, lakini kati ya dawa na mgonjwa kulikuwa na mtu. Usalama ulikuwa ndani ya huyo mtu: macho yake, mafunzo yake, na woga wake wa kuharibu jina.

Mambo mawili yakabadilisha hiyo hali. La kwanza ni madini. Katika karne za kati kulikua tawi la Ayurveda liitwalo rasa shastra, elimu ya zebaki. Zebaki, salfa, risasi, shaba, chuma na aseniki vilichomwa, vikasagwa na juisi za mimea, vikachomwa tena na tena mpaka vikawa unga mwembamba. Wenyewe walijua wanacheza na moto, vitabu vyao vinataja madhara ya zebaki isiyosafishwa vizuri. Kwenye bawasiri kuna dawa yao maarufu inayoitwa Arsha Kuthara Rasa. Kuthara ni shoka. Shoka la bawasiri, basi! Ndani yake kuna zebaki na salfa, pamoja na unga wa chuma na shaba, na mimea ya kuendesha tumbo. Bado inatengenezwa na bado inauzwa.

Watetezi wake watasema ikisafishwa kwa utaratibu wa vitabu zebaki haina neno. Sawa, lakini wewe uliyepokea kifurushi kwa nduthi hukuona jiko. Na kuna kitu cha kuchekesha na kuudhi hapa, nisomeni taratibu: risasi ikijaa mwilini, dalili zake za kawaida ni maumivu ya tumbo na choo kigumu. Yaani mtu ananunua unga wa kulainisha choo, unga una risasi, choo kinazidi kukaza, anaongeza kijiko. Mteja mwaminifu kuliko huyo utampata wapi?

La pili ni chupa. Zamani daktari wa Ayurveda aliyeitwa vaidya alikuchanganyia dawa yako, au akakupa orodha ukachemshe nyumbani. Wakati wa ukoloni wa Waingereza, dawa za kizungu za viwandani zikiingia kwa kasi, Wahindi nao wakaanza viwanda vyao. S. K. Burman alianzisha Dabur mjini Calcutta mwaka 1884. P. S. Varier alianzisha Arya Vaidya Sala huko Kottakkal, Kerala, mwaka 1902, na akaanza kuuza dawa za kuchemsha zikiwa tayari kwenye chupa. Siwalaumu hata kidogo. Ilikuwa njia ya kuokoa elimu yao isimezwe, na wengine waliona ni sehemu ya kujikomboa. Ila chupa ilifanya kitu ambacho hakuna aliyekipanga: ilimwezesha mgonjwa kumruka vaidya.

Sheria ilikuja nyuma ikihema. India ilitunga sheria ya dawa mwaka 1940, na Ayurveda ikapewa sura yake ndani ya sheria hiyo mwaka 1964. Kuna orodha ya vitabu vya kale vinavyokubalika rasmi, na kanuni za mwaka 2010 zinasema dawa ikitengenezwa kama ilivyoandikwa humo, kwa matumizi yale yale, mtengenezaji hadaiwi majaribio mapya ya usalama. Fikiria hilo kidogo. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya daktari aliyefunzwa kwa miaka kinakuwa ruhusa ya kuuzia mtu ambaye hajawahi kumwona daktari. Ukale ukawa muhuri.

Mwaka 2004 ndipo watu walishtuka. Robert Saper na wenzake walizunguka maduka ya Wahindi mjini Boston, Marekani, na viunga vyake, wakanunua dawa 70 tofauti za Ayurveda zilizotoka Asia Kusini. Dawa 14, yaani moja kati ya kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakatoa utafiti mwingine, safari hii wa dawa 193 walizoagiza kwa intaneti, zikiwemo zilizotengenezwa Marekani kwenyewe. Matokeo yalikuwa karibu yale yale, asilimia 21 hivi. Zile za rasa shastra zilikuwa mbaya zaidi, lakini hata zisizodai kuwa na madini zilikutwa nayo.

Serikali ya India ilijibu. Kuanzia Januari 2006 dawa za mitishamba za kuuzwa nje ya nchi zilitakiwa kupimwa madini hayo. Umeona yale maneno "za kuuzwa nje"? Kwa hivyo kama unga wako umebebwa kwenye begi la mtu aliyeenda Mumbai kununua nguo za kuuza, haukupita hapo. Na kama umefungwa upya kwenye mfuko wa plastiki pale River Road, hata kama mwanzo ulipimwa, sasa hakuna anayejua kilichoongezwa.

Nisiwachoshe na mabaya tu, kwa sababu kuna mazuri, na hayo hayatangazwi na mtu yeyote mwenye sauti nzito.

Mojawapo ni isabgoli, yale maganda mepesi ya mbegu yanayolimwa sana Gujarat na Rajasthan, na ambayo nyumba nyingi za Wahindi hapa Nairobi na Mombasa hazikosi. Jina lake halitoki hata kwa Kisanskriti, ni Kiajemi, likimaanisha sikio la farasi kwa sababu ya umbo la mbegu. Kazi yake haina siri: inanyonya maji, inavimba, choo kinakuwa laini, husukumi kwa nguvu, vinyama vinapumzika. Mwaka 2005 watafiti walikusanya majaribio saba yenye wagonjwa 378 wa bawasiri waliopewa nyuzinyuzi za aina hii, na waliozitumia walipungukiwa na kutoka damu kwa karibu nusu ukilinganisha na wasiozitumia. Haina milima yenye theluji, lakini inafanya kazi. Sharti lake ni maji, glasi kubwa imejaa, kwa sababu ukiimeza kavu inavimbia kooni au inaziba utumbo. Na ukiwa na dawa zingine za hospitali, ziachanishe kwa masaa kadhaa ili zisinyonywe na hilo ganda.

Mfano mwingine ni uzi. Sushruta alitaja uzi uliopakwa kshara, na Chakrapanidatta wa Bengal akaueleza zaidi katika karne ya 11. Ukasahaulika sana. Katika miaka ya 1960, P. J. Deshpande na wenzake katika Chuo Kikuu cha Banaras Hindu, Varanasi, waliufufua: uzi wa upasuaji unapakwa utomvu wa mnyaa fulani mara 11, utomvu na kshara mara saba, utomvu na manjano mara tatu. Unatumika hasa kwa fistula, ile njia ya usaha inayotoboka kando ya tundu la haja. Wakaupima kama dawa yoyote inavyopimwa. Jaribio la hospitali kadhaa za India lililochapishwa mwaka 1991, lenye wagonjwa 502, lilionyesha uzi unachukua wiki nane kuponya, upasuaji wiki nne, lakini fistula ilirudi kwa asilimia 4 ya waliopata uzi na 11 ya waliopasuliwa. Hapo ndipo mimi naheshimu. Wamechukua kitu cha babu zao, wakakubali kukiweka mezani kipimwe mbele ya watu, na kikasimama. Na bado hakiuzwi kwa WhatsApp, kwa sababu kinahitaji mtu mwenye mikono iliyofunzwa.

Sasa wewe una unga tayari kabatini, najua. Soma jina. Ukikuta bhasma, parpati, parad, sindur, au rasa likiwa mwisho wa jina, hayo ni maneno ya ile familia ya madini, na hiyo si dawa ya kujipa mwenyewe. (Rasayana ni neno lingine, linamaanisha dawa za kuujenga mwili, usilichanganye, ingawa nalo si cheti cha usalama.) Ukikuta arishta au asava, kama Abhayarishta ambayo hupewa watu wa bawasiri, jua imechachushwa, ina pombe iliyojitengeneza humo ndani. Kama hunywi kwa dini, kama una ini bovu, kama ni mjamzito, au uko kwa dawa zisizopatana na pombe, hilo linakuhusu na muuzaji hatakwambia. Sanamaki inaendesha tumbo haraka, lakini ya kila siku kwa miezi inakuvurugia maji na chumvi za mwili. Mizizi ya susi inayowekwa kwenye dawa za asidi inapandisha presha. Na chupa isiyo na orodha ya vilivyomo, hiyo hata usiulize bei.

Hapa Kenya, dawa za mitishamba zinazouzwa madukani zinatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba za asili na tiba mbadala. Kwa hivyo ukiuliza "hii imesajiliwa?" wewe si mkorofi. Muuzaji akikasirika umeshapata jibu lako.

Lakini kuna watu ambao hawafai hata kufika kwa swali la dawa gani. Damu kwenye choo inaweza kuwa bawasiri, na mara nyingi ndiyo. Inaweza pia kuwa saratani ya utumbo mpana, na zote mbili zinaanza kwa kufanana. Kama damu ni nyeusi kama lami, kama unapungua uzito bila kujinyima, kama choo kimebadilika kwa wiki nyingi, kama unachoka na macho yamekuwa meupe kwa kukosa damu, kama kwa familia yenu kuna aliyekufa kwa saratani ya tumbo, unga unakupotezea wakati, na wakati ndio pekee unaoamua hiyo kesi. Usiseme mimi bado mdogo. Ugonjwa hausomi kitambulisho.

Nilisema nitarudi kwa kifurushi kisicho na maandishi. Watu wangu, hatununui huu unga kwa sababu tunaamini India sana. Tunanunua kwa sababu hatutaki kumwonyesha mtu pale. Mwanaume wa miaka 24 yuko radhi kumeza zebaki kuliko kumwambia daktari wa kike pale kliniki avue. Mama anajua anatoa damu tangu ajifungue na hajawahi kumwambia hata dada yake. Muuzaji hauzi dawa tu, anakuuzia pia usiri, na ndani ya usiri hakuna wa kukuambia umekosea dozi.

Kwa kitabu cha Sushruta, mgonjwa wa bawasiri alilazwa kitandani mchana, siku isiyo na mawingu, amelala chali, makalio yameelekezwa kwenye jua ili daktari aone vizuri. Sehemu ya juu ya mwili wake ililala kwenye mapaja ya mtu mwingine, na wasaidizi wakamshika asitikisike. Peupe kabisa, miaka 2,000 iliyopita.

Sentensi ya kusema ukifika hospitali ni hii: "Daktari, nikienda haja kubwa natoa damu, imekuwa wiki tatu sasa." Atakuuliza rangi yake, kama kunauma, unakula nini, unakaa choo muda gani ukiwa na simu. Kuna glavu, kuna kidole, inachukua dakika chache, halafu unavaa. Ile chupa ya unga ibebe kwa begi, umwekee mezani na jina likiwa limeangalia juu.